Chuma Si Kimoja: Elementi za Aloi na Ufuaji wa Chuma cha Pua Kingali Moto

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoea mapema kukutana na chuma kama sitiari. Mtu mkakamavu husemwa kuwa ni chuma. Anayehimizwa asikawie huambiwa kwamba chuma hufuliwa kingali moto. Katika kauli zote mbili chuma huchukuliwa kuwa kitu kimoja kisicho na aina, na moto huchukuliwa kuwa ndio pekee unaoamua iwapo chuma hicho kitaitii nyundo au kitaikaidi. Mhunzi atatueleza vingine. Akitia motoni vipande viwili vilivyo sawa kwa umbo na kwa uzito, kisha akavitoa vikiwa na wekundu ule ule, kimoja huweza kunyooka kama unga uliokandwa, na kingine kikamchosha mkono au hata kikapasuka mbele ya macho yake. Joto ni lile lile na nyundo ni ile ile. Kinachotofautisha vipande hivyo ni vitu vichache vilivyochanganyika na chuma, ambavyo jicho halivioni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vitu hivyo, yaani elementi za aloi, zinavyoathiri tabia ya chuma cha pua kinapogeuzwa umbo kikiwa katika joto kali. Suala hili lina umuhimu wa aina mbili kwa msomaji wa jarida hili. Kwanza, nondo zinazobeba nyumba tunamoishi na kumbi tunamosomea zimepitia hatua hiyo ya kugeuzwa umbo motoni, na viwanda kadhaa vya nondo nchini Kenya huyeyusha vyuma chakavu ambavyo mchanganyiko wake haujulikani kwa yakini hadi upimwe. Pili, tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi nchini. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mjenzi kwa nini chuma chake kimepasuka ina upungufu, na wanaoisomea lugha hiyo ndio wenye wajibu wa kuuziba.

Msamiati wa karakana

Ni vyema tuanze na maneno tuliyo nayo. Neno chuma hutaja metali ya msingi. Pua, au chuma cha pua, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, isiyozidi takribani asilimia 2. Feleji ni pua ya hali ya juu, ile iliyofaa kutengenezewa panga. Siku hizi wauzaji wa vyombo hulitumia jina chuma cha pua kwa maana finyu ya chuma kisichoshika kutu. Katika makala haya tutalitumia kwa maana yake pana, na hicho kingine tutakiita chuma kisichoshika kutu.

Kitenzi chetu kikuu ni fua. Mswahili hufua chuma, hufua nguo na hufua dafu, na maana hizo zinakaribiana, kwa kuwa katika zote mna nguvu ya mkono inayokilazimisha kitu kibadilike hali. Kutokana na kitenzi hicho tumepata fuawe, yaani kile kipande kizito ambacho juu yake chuma hufuliwa. Katika viwanda vya leo mahali pa nyundo na fuawe pamechukuliwa na mashine za kubana na magurudumu mazito ya kupitishia chuma, lakini tendo ni lile lile. Kwa hiyo tutatumia neno ufuaji kwa kila tendo la kugeuza umbo la chuma kikiwa moto, liwe la mkono au la mashine. Kiasi cha nguvu ambacho chuma hudai kabla ya kukubali kugeuka tutakiita ukinzani.

Msamiati huu haukuzuka jana. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliutaja mji wa Malindi kuwa na machimbo ya chuma yaliyowapatia wenyeji faida. Lugha ya watu waliofua na kuuza chuma tangu enzi hizo haianzi mikono mitupu inapotakiwa kueleza sayansi ya chuma.

Yanayotokea ndani ya chuma

Tukikata kipande cha chuma, tukakisugua hadi king'ae kama kioo, tukakipaka asidi hafifu na kukitazama kwa hadubini, tutaona kwamba kimeundwa kwa punje nyingi zilizoshikamana mithili ya punje za mahindi katika gunzi. Kila punje ni fuwele moja, yaani atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Katika joto la kawaida utaratibu huo huitwa feraiti. Chuma halisi kinapofikia nyuzi 912 za selsiasi, atomi zake hujipanga upya na kuwa ostenaiti, mpangilio ulioshonana zaidi lakini wenye mianya inayoweza kupokea kaboni nyingi zaidi. Mambo mengi yanayotuhusu hapa hutokea ndani ya ostenaiti, kwa kuwa ufuaji wa pua kwa kawaida hufanywa kati ya nyuzi 900 na 1250 hivi.

Nyundo inapotua, atomi za fuwele haziteleza zote kwa mkupuo mmoja. Ndani ya kila punje mna mistari ya kasoro, yaani mahali ambapo safu ya atomi imekatizwa, na mistari hiyo ndiyo inayosafiri. Mtu anayetaka kusogeza zulia zito hufanya vivyo hivyo: hulikunja kidogo ukingoni, kisha akalisukuma kunjo hilo hadi upande wa pili, badala ya kuliburura zulia zima. Kila pigo huzaa kasoro nyingine, nazo husongamana na kuzuiana njia. Ndiyo sababu waya unaokunjwa mara nyingi ukiwa baridi hukaza na hatimaye hukatika.

Katika joto kali huingia nguvu ya kupinga hali hiyo. Atomi zikichangamka kwa joto, baadhi ya kasoro hukutana na kufutana. Hali hii tuiite kupona. Kasoro zikizidi kusongamana, punje mpya zisizo na kasoro huchipuka kwenye mipaka ya punje kuukuu na kuzimeza. Hali hii tuiite kufuwelika upya. Katika ostenaiti kupona hakuendi kwa kasi kubwa, na kwa hiyo chuma hutegemea sana kufuwelika upya ili kiendelee kuwa laini. Ukinzani wa chuma kilicho motoni, basi, ni matokeo ya mvutano: pigo hukikaza, na joto hukilegeza.

Mwaka 1944 Clarence Zener na John Herbert Hollomon walionyesha kwamba kasi ya ufuaji na joto vinaweza kuunganishwa katika kipimo kimoja. Kufua kwa haraka zaidi huwa na athari inayolingana na kufua katika joto la chini zaidi, kwa kuwa chuma hunyimwa muda wa kujilegeza. Ndani ya kipimo hicho mna kiasi cha nishati kinachotegemea chuma chenyewe. Tunaweza kukifananisha na kizingiti ambacho atomi hulazimika kukivuka ili chuma kigeuke umbo na kulainika tena. Kwa pua ya kawaida ya kaboni kizingiti hicho hukadiriwa kuwa kilojuli 270 hadi 300 hivi kwa kila moli. Kwa chuma kisichoshika kutu chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hukaribia kilojuli 400. Watafiti hupata makadirio haya kwa kubana silinda ndogo za chuma katika mashine inayodhibiti joto na kasi, huku wakirekodi nguvu inayohitajika katika kila hatua.

Tofauti ya tarakimu hizo inatokana na elementi zilizotiwa. Elementi hizo hufanya kazi kwa njia kuu tatu: hubadilisha kiwango cha joto kinachofaa kwa ufuaji, huchelewesha kulainika kwa chuma, au hukidhoofisha kwenye mipaka ya punje zake. Sehemu zinazofuata zinazieleza njia hizo kwa mifano.

Kaboni na mpaka wa joto

Kaboni ndiyo inayokifanya chuma kiwe pua. Wasomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo wanaikumbuka tupa iliyofichwa ndani ya mkate ili shujaa ajifungue minyororo gerezani. Tupa hukikata chuma kingine kwa sababu kwa kawaida hutengenezwa kwa pua yenye kaboni nyingi, asilimia 1 hivi au zaidi, ambayo huzimwa ghafla ikiwa moto. Hata hivyo, ugumu huo ni wa chuma kilichokwisha kupoa. Ndani ya ostenaiti, atomi ndogo za kaboni huingia katika mianya baina ya atomi za chuma, na hazikikazi kwa kiasi kinacholingana na ugumu wa tupa.

Athari kubwa ya kaboni motoni ni kushusha joto ambalo chuma huanza kuyeyuka. Chuma halisi huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Pua yenye kaboni asilimia 1 huanza kuyeyuka chini ya nyuzi 1400. Kwa sababu hiyo, pua yenye kaboni asilimia 0.1 huweza kupashwa hadi nyuzi 1300 hivi kabla ya kufuliwa, ilhali ile yenye asilimia 1 haifai kupita nyuzi 1175 hivi. Kadiri kaboni inavyoongezeka, ndivyo mhunzi anavyobaki na nafasi finyu baina ya chuma kisichogeuka kwa ubaridi na chuma kinachoharibika kwa joto.

Fundi wa jua kali anayegeuza springi ya gari kuwa patasi hukutana na ukweli huu kila siku. Springi nyingi za gari huwa na kaboni asilimia 0.5 hadi 0.65, pamoja na manganizi, na aghalabu kromiamu au silikoni. Fundi huweza kuitambua kwa kuigusisha kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, kwani cheche za pua yenye kaboni nyingi hupasuka na kutawanyika kama nyota, ilhali za chuma laini huwa ndefu na zenye matawi machache. Akiipasha springi hiyo kama anavyopasha nondo laini, hadi iwe nyeupe na kurusha cheche yenyewe motoni, mipaka ya punje huanza kuyeyuka na hewa ikapenya ndani yake. Chuma kilichoungua kwa namna hiyo hakiponi kwa kupashwa tena. Huvunjika chini ya nyundo, na dawa yake ni kukatwa sehemu iliyoharibika.

Silikoni nayo ina usumbufu wake. Ikizidi, oksaidi zake huungana na zile za chuma na kufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 1170 hivi. Magamba yanayotokea juu ya chuma hung'ang'ania badala ya kubambuka, na yasipoondolewa hukandamizwa ndani ya uso wa chuma na kuuacha ukiwa na madoa na mashimo.

Salfa na mwokozi wake

Mwaka 1856 Henry Bessemer wa Uingereza alitangaza mbinu ya kutengeneza pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Mbinu hiyo ilipunguza mno muda na gharama, lakini wenye viwanda wengi walioijaribu mwanzoni walipata pua isiyofaa. Tatizo mojawapo lilikuwa kwamba pua hiyo ilipasuka ilipofuliwa ikiwa nyekundu kwa moto. Ilikuwa imefyonza oksijeni nyingi mno na ilikuwa na salfa.

Salfa huungana na chuma kuwa salfidi ya chuma. Salfidi hiyo pamoja na chuma huweza kufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 988 tu, yaani chini ya joto la kawaida la ufuaji. Majimaji hayo huenea kwenye mipaka ya punje kama utando mwembamba. Punje zenyewe ni ngumu na nzima, lakini zimekuwa kama matofali yaliyounganishwa kwa udongo usiokauka: ukuta huonekana imara hadi uguswe. Katika hali hii kuongeza moto hakusaidii, bali huzidisha utando.

Robert Mushet, Mwingereza mwingine, alitoa suluhisho katika mwaka huo huo wa 1856. Alipendekeza pua hiyo itiwe chuma cha tanuri chenye manganizi nyingi. Manganizi huiondoa oksijeni iliyozidi. Aidha, huipenda salfa kuliko chuma kinavyoipenda. Salfidi ya manganizi huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1600, kwa hiyo wakati wa ufuaji hubaki kuwa vipande vidogo vilivyotengana, ambavyo hunyooka pamoja na chuma badala ya kukitenganisha. Salfa haikuondoka, imefungwa tu mahali isipoweza kudhuru. Hata leo manganizi hutiwa katika takribani kila pua ya ujenzi, na sababu mojawapo ni hiyo.

Elementi zinazochelewesha

Kundi la pili halikidhoofishi chuma bali hukichelewesha kulainika. Atomi za kromiamu, molibdenamu na niobiamu, kila moja kwa kadiri yake, huzuia mwendo wa kasoro na wa mipaka ya punje. Ndiyo sababu chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield anakumbukwa kwa kukitengeneza mwaka 1913, huhitaji nguvu kubwa zaidi kukifua kuliko pua ya kawaida katika joto lile lile. Kiwanda kinachotaka kutengeneza bamba la aina hiyo hulazimika kuwa na mashine zenye nguvu zaidi, au kupunguza kiasi cha mbano katika kila mpito.

Mfano wa kushangaza zaidi ni wa niobiamu. Tuchukue tani moja ya pua na kuitia niobiamu asilimia 0.03. Hizo ni gramu 300, pungufu ya pakiti ya nusu kilo ya sukari. Kiasi hicho kidogo hutosha kuibadilisha tabia ya tani nzima. Kwanza, atomi za niobiamu, ambazo ni kubwa kuliko za chuma, hukusanyika kwenye mipaka ya punje na kuiburuta kama nanga iburutavyo chombo. Pili, joto linaposhuka kuelekea nyuzi 1000 na chini yake, niobiamu huungana na kaboni na nitrojeni kufanya chembe ndogo mno, nazo huwa vigingi vinavyoizuia mipaka isisogee. Kufuwelika upya hukoma. Titaniamu na vanadiamu hutumika kwa malengo yanayokaribiana na hayo, lakini katika kazi hii ya kuzuia kufuwelika upya niobiamu huzishinda.

Tokeo la kwanza ni kwamba ukinzani hupanda kwa kila mpito, na mashine hulazimika kubana kwa nguvu zaidi. Je, basi, kwa nini mtu aitie elementi inayomtaabisha? Jibu ni kwamba punje za ostenaiti zisizoruhusiwa kufuwelika upya hubaki zimebanwa na kuwa bapa kama chapati, zimejaa kasoro. Chuma kinapopoa na kurudi kuwa feraiti, punje mpya huanzia katika kila kasoro na kila mpaka, kwa hiyo huwa nyingi na ndogo sana. Pua yenye punje ndogo huwa na nguvu zaidi na pia haivunjiki kwa urahisi, sifa mbili ambazo kwa kawaida hushindana. Ndiyo pua inayotumiwa katika mabomba makubwa ya mafuta na gesi, na katika miundo ambayo hutakiwa iwe imara bila kuwa mizito. Usumbufu wa motoni umelipwa kwa uimara wa baadaye.

Niobiamu nyingi inayotumiwa duniani hutoka Brazili, hasa eneo la Araxá. Lakini pwani yetu nayo inaifahamu elementi hiyo, kwa kuwa kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale, penye msitu wa kaya ya Wadigo, kimejulikana kwa miaka mingi kuwa na mashapo ya niobiamu. Mjadala kuhusu kuchimba au kutochimba kilima hicho una pande nyingi, ukiwemo utakatifu wa mahali penyewe. Anayeshiriki mjadala huo kwa Kiswahili anastahili kujua niobiamu hufanya nini ndani ya chuma.

Shaba katika vyuma chakavu

Liyongo, wasimulizi wanatuambia, hakudhurika kwa silaha yoyote ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Kwa sadfa, shaba ni adui wa chuma pia, hasa kinapokuwa motoni.

Pua inapopashwa, uso wake huungana na oksijeni ya hewa na kufanya magamba. Oksijeni hukitwaa chuma kwanza na kuiacha shaba, kwa kuwa shaba haichangamkii oksijeni kwa kiwango hicho. Hivyo basi, kila gamba linalofanyika huacha nyuma yake shaba ambayo hapo awali ilikuwa imetawanyika ndani ya chuma. Shaba hiyo hujilimbikiza chini ya magamba hadi ikazidi kiasi ambacho ostenaiti inaweza kukipokea. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Tanuri ikiwa na joto zaidi ya hilo, matone ya shaba hupenya katika mipaka ya punje za usoni, na chuma kinapopitishwa kwenye magurudumu hufanya nyufa. Matatizo haya huweza kuanza kuonekana shaba inapopita asilimia 0.2 hivi. Bati huyazidisha, kwa sababu hupunguza kiasi cha shaba ambacho ostenaiti huweza kukihifadhi. Nikeli, kinyume chake, hukiongeza kiasi hicho na hupandisha joto la kuyeyuka la mchanganyiko wenyewe. Kwa sababu hiyo hutiwa makusudi katika pua yenye shaba.

Sifa ile ile inayoifanya shaba ijilimbikize usoni ndiyo inayoifanya isiondoleke tanurini. Kaboni, silikoni na manganizi zinaweza kuunguzwa kwa kupuliza oksijeni ndani ya chuma kilichoyeyuka. Shaba haiwezi, kwa kuwa chuma chenyewe kingeungua kabla yake. Ikishaingia, imeingia. Kila mara chuma chakavu kinapoyeyushwa na kutumiwa tena, shaba iliyomo hubaki na nyingine huongezeka. Njia za kweli za kuipunguza ni mbili: kuchambua vyuma chakavu kabla havijatiwa tanurini, au kuvichanganya na chuma kipya kilichotoka katika mawe ya madini.

Hapa ndipo suala la sayansi linapokutana na suala la lugha. Katika matumizi ya kila siku neno vyuma chakavu hujumuisha kila kitu cha metali kilichotupwa: nondo kuukuu, bodi la gari, mota ya friji yenye nyuzi za shaba ndani yake, sufuria za alumini. Mwenye mkokoteni anayezunguka mtaani huvikusanya vyote chini ya jina moja. Neno hilo linatosha kwa biashara ya mizani, lakini tanuri haikubaliani nalo. Ile mota ikitupwa tanurini pamoja na nondo, wingi wa neno vyuma umeficha shaba, na shaba hiyo itajitokeza kama ufa.

Nchini Kenya mazungumzo ya umma kuhusu vyuma chakavu yameelemea zaidi upande wa wizi, na si bila sababu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 ilitungwa ili kusimamia wafanyabiashara hao kwa leseni. Mnamo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme, na marufuku hiyo iliondolewa baadaye katika mwaka huo huo. Lakini hata chuma kilichopatikana kwa njia halali kabisa huweza kuwa na shaba. Uchambuzi wa vyuma ni suala la usalama wa majengo, na unaanzia mikononi mwa watu ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili, wala si katika maabara pekee.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tabia ya chuma chini ya nyundo haiamuliwi na moto peke yake. Kaboni huamua ni joto gani lisilopaswa kuvukwa. Salfa na shaba hukilegeza chuma katika mipaka ya punje zake, nazo manganizi na nikeli hukikinga. Kromiamu na niobiamu hukifanya kikaidi, na ukaidi wa niobiamu ukielekezwa vyema huzaa pua bora kuliko ile iliyotii kwa urahisi. Ushauri wa kufua chuma kingali moto unabaki kuwa wa kweli, ila unahitaji swali la kuutangulia: chuma gani?

Kwa upande wa lugha, tumeona kwamba maelezo yote ya hapo juu yametegemea zaidi maneno ya kawaida, kama vile fua, fuawe, punje, magamba, kupona, kigingi na nanga, na kwamba istilahi zilizotoholewa, kama ostenaiti na niobiamu, zimekuja pale tu ambapo kitu chenyewe hakikuwa na jina. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilitupa msingi muhimu wa istilahi. Lakini orodha ya istilahi haijawa maelezo, na mhunzi hafundishiki kwa orodha. Kinachotakiwa sasa ni maandishi yanayoziweka istilahi hizo kazini, katika sentensi zinazoeleza sababu na matokeo.

Ipo kazi moja ambayo wanachama wa chama chetu wanaweza kuianza bila kusubiri fedha wala idhini: kwenda katika karakana zilizo karibu na vyuo vyao na kuyarekodi majina ambayo mafundi na wakusanyaji wa vyuma wameyabuni kwa aina mbalimbali za chuma, kwa rangi za moto na kwa kasoro za kazi. Mafundi wanaotambua springi kwa cheche zake bila shaka wana neno la cheche hizo. Neno hilo likipatikana, lina haki ya kuingia katika kamusi kabla ya jingine lolote tutakalolitohoa.